Mkato Hauna Uraia

Tarehe 31 Januari 2020, siku Uingereza ilipojitoa rasmi katika Umoja wa Ulaya, sarafu mpya ya peni 50 iliingia kwenye mzunguko kuadhimisha tukio hilo. Nyuma yake yaliandikwa maneno ya kutakia amani, ustawi na urafiki na mataifa yote. Kabla sarafu haijakaa vizuri mifukoni mwa watu, Philip Pullman, mwandishi maarufu wa riwaya na mkazi wa Oxford, alikuwa ameshawataka watu wote waliosoma waisuse. Kilichomkera ni alama moja iliyokosekana: mkato baada ya neno “ustawi”, kabla ya kiunganishi. Mkato huo Waingereza wenyewe wanauita mkato wa Oxford, kwa sababu shirika la uchapaji la chuo kikuu cha mji huo limeushikilia kwa zaidi ya karne moja. Lakini ukiuliza katika ofisi nyingi na madarasa mengi yanayotumia Kiingereza, ya kwetu Afrika Mashariki yakiwemo, utapewa jibu la haraka kwamba mkato huo ni wa Wamarekani, na kwamba Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tulichorithi, hakiutaki.

Jibu hilo si sahihi, na madhara yake ni makubwa kuliko alama yenyewe. Ugomvi wa mikato katika Kiingereza huelezwa kama ugomvi wa nchi na nchi. Kwa kweli ni ugomvi wa ofisi na ofisi: kiwanda cha vitabu dhidi ya chumba cha habari, mhariri dhidi ya mhariri, bosi dhidi ya karani. Tukilielewa hilo, tutaacha kuwahukumu watu kwa mikato yao, na tutaacha pia kuikabidhi mikato kazi nzito ambazo haijawahi kuziweza, hasa katika sheria na mikataba.

Tuanze na ushahidi ulio wazi kabisa. Horace Hart, aliyesimamia uchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapa kanuni zake kwa ajili ya wapanga herufi wa kiwanda chake mwaka 1893, na mwaka 1904 kijitabu hicho kikaanza kuuzwa kwa watu wote. Kutoka katika kiwanda hicho cha Kiingereza, katika mji wa Kiingereza hasa, ndipo mkato huu ulipopata jina. Ng’ambo ya bahari, Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa mwongozo wake mwaka 1906, nao hadi leo unautaka mkato uleule. William Strunk, mwalimu wa Cornell, akauweka katika kijitabu chake cha mwaka 1918 ambacho vizazi vya wanafunzi wa Marekani vimekariri. Hadi hapo mtu anaweza kudhani kwamba Oxford na Marekani wako upande mmoja na Uingereza iliyobaki iko upande wa pili. Lakini funua gazeti la New York Times, au taarifa yoyote ya shirika la habari la Associated Press, ambalo limekuwapo New York tangu 1846. Hawauweki, isipokuwa pale sentensi inapokorogeka bila huo. Wala Guardian, Times la London na Economist hawauweki. Mwongozo wa uandishi wa serikali ya Australia nao unauruhusu tu pale unapoleta uwazi. Kwa hiyo Mmarekani anayesoma gazeti lake asubuhi na kitabu cha historia jioni anakutana na kanuni mbili zinazopingana, zote za Kimarekani, ndani ya siku moja; Mwingereza vilevile. Mpaka unaotenganisha kanuni hizo umepita katikati ya kila nchi, baina ya vitabu na magazeti.

Kwa nini hapo? Sababu inayotajwa mara nyingi ni nafasi. Safu ya gazeti ni nyembamba, na zamani kila herufi ilipangwa kwa mkono au kwa mashine ya risasi iliyoyeyushwa, hivyo alama inayoweza kuachwa ikaachwa. Mimi naona sababu ya nguvu zaidi ni namna kazi inavyofanyika. Gazeti lina saa chache na wahariri wengi wanaopokezana habari moja. Wanahitaji kanuni fupi, na “usiweke mkato kabla ya kiunganishi isipokuwa ukilazimika” ni fupi. Shirika la vitabu lina miezi, lina msahihishaji mmoja anayekaa na mswada wote, na lina waandishi wanaopanga orodha ndefu zenye viunganishi ndani ya viunganishi. Kanuni ya kuuweka daima inampunguzia msahihishaji huyo maamuzi. Kila ofisi ilichagua kilichoifaa, kisha watu wakaja baadaye kukipa uraia.

Na palipo na ofisi pana bosi. Septemba 2022, Thérèse Coffey alipoteuliwa kuwa waziri wa afya wa Uingereza, watumishi wa wizara walipelekewa maelekezo ya namna ya kumwandikia, na mojawapo lilikuwa kwamba asiletewe mkato wa Oxford. Wizara ilikuwa ileile, nchi ileile, Kiingereza kilekile. Kilichobadilika ni aliyekaa kwenye kiti. Mfano mwingine unatoka katika ulimwengu wa vitabu. Lynne Truss, mwandishi wa Uingereza, alitoa mwaka 2003 kitabu cha kutetea uakifishaji sahihi, Eats, Shoots & Leaves, kikauzwa kwa mamilioni. Kilipofika Marekani mwaka uliofuata, wachapishaji walikiacha na alama zake za Kiingereza cha Uingereza, na Louis Menand akakipitia katika jarida la New Yorker kwa ukali, akionyesha pale ambapo mikato ya Truss haifuati kanuni za Truss. Lakini New Yorker lenyewe linajulikana, hata miongoni mwa Wamarekani, kwa mikato mingi isiyopatikana kwingine. Menand alikuwa akipima kitabu kwa fimbo ya nyumba yake, ambayo majirani zake wa mtaa wa pili hawaitumii.

Ni kweli zipo tofauti ambazo kwa kiasi fulani zinafuata ramani, nami sitaki kuzificha. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku na kwa hiyo huweka mkato kabla ya mwaka; Waingereza huanza na siku na mkato hauhitajiki. Wahindi, wanapoandika laki moja kwa tarakimu, huweka mkato baada ya 1 na mwingine kabla ya sufuri tatu za mwisho: 1,00,000. Afrika Kusini iliamua rasmi kutumia mkato kutenga desimali, ingawa wengi wanaoandika Kiingereza huko wameendelea na nukta. Tofauti inayojulikana zaidi ni ya alama za kunukuu: kwa kawaida Mmarekani huusukuma mkato ndani ya alama za kufunga nukuu hata kama mkato huo haukuwa wa aliyenukuliwa, na Mwingereza huuacha nje. Ndugu Fowler, Waingereza walioandika juu ya matumizi ya lugha yao, waliutetea utaratibu huo wa pili tangu 1906, kwa hoja kwamba alama iwe ya yule aliyeiweka. Hata hapa, hata hivyo, mambo hayajanyooka. Jarida la Language, la Chama cha Wanaisimu wa Marekani, linataka mkato ukae nje, kwa sababu mwanaisimu anaponukuu neno anataka neno hilo tu bila nyongeza. Watunzi wengi wa programu za kompyuta, popote walipo, hufanya vivyo hivyo, maana mkato uliopenyezwa ndani ya amri huharibu amri. Taaluma zao zinawaongoza kuliko pasipoti zao.

Tukirudi nyuma zaidi tunaona kwamba hata wakati una nguvu kuliko nchi. Alama za kutenga sehemu za sentensi zilianza kama msaada wa kusoma kwa sauti. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, hapa hapa barani mwetu, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Iskandaria, alipendekeza nukta za kuwekwa juu, katikati au chini kumwonyesha msomaji apumue wapi na kwa muda gani. Umbo la mkato tunaloliona leo lilienezwa na wachapaji wa Venice, hasa Aldus Manutius, mwishoni mwa karne ya 15. Tangu hapo mkato umekuwa na mabwana wawili: pumzi na sarufi. Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 18, wa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, waliimwaga mikato kwa wingi unaomchosha msomaji wa leo. Wa karne ya 20 wakaipunguza. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yale ya haki ya kumiliki silaha, ni mtoto wa zama za wingi. Yaliridhiwa mwaka 1791, na nakala zilizozunguka kati ya Bunge na majimbo hazikuwa na idadi moja ya mikato. Hilo halikuizuia mahakama ya rufaa ya Washington mwaka 2007 kuutaja mkato wa pili kama ushahidi kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Mahakama ya Juu ilipofikia uamuzi wa aina hiyohiyo mwaka 2008, ilijenga hoja yake juu ya historia na matumizi ya maneno. Mkato ambao makarani walionakili marekebisho hayo mwaka 1789 waliuweka na kuuondoa kwa mazoea ya mkono haukuweza kubeba uzito huo peke yake.

Mahakamani ndipo watetezi wa mkato wa Oxford wanapojiona wana ushindi, kwa hiyo inafaa tukae hapo kidogo. Kesi wanayoitaja ni ya Portland, katika jimbo la Maine. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walifungua shauri mwaka 2014 wakidai ovataimu ya miaka kadhaa. Sheria ya jimbo ilisema kwamba baadhi ya kazi za vyakula hazina ovataimu, ikazitaja mfululizo: kuweka kwenye makopo, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafuta soko, kuweka ghalani, kisha “kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji” wa mazao, nyama, samaki na vyakula vinavyoharibika. Kabla ya neno “au” hapakuwa na mkato. Kampuni ilisema usambazaji ni kazi ya mwisho katika orodha, na madereva ni wasambazaji, basi hawalipwi. Madereva walisema usambazaji hausimami peke yake. Ni kufungasha tu ndiko kunakotajwa, iwe mzigo unafungashwa ili usafirishwe au ili usambazwe, na wao hawafungashi chochote. Mahakama ya kwanza iliipa kampuni ushindi. Machi 2017 mahakama ya rufaa ikageuza, na hukumu ya Jaji David Barron ilianza moja kwa moja na habari ya mkato uliokosekana. Februari 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.

Habari hiyo ilizunguka dunia ikiwa na kichwa cha aina moja: mkato wa dola milioni 5. Soma hukumu yenyewe, utaona kitu tofauti. Mahakama haikusema kwamba kukosekana kwa mkato kunathibitisha madereva wako sahihi. Isingeweza, kwa sababu mwongozo wa uandishi wa sheria wa Maine wenyewe uliwaelekeza waandishi wasiuweke mkato huo. Madereva nao walikuwa na hoja nyingine ya sarufi, kwamba kila kazi katika orodha imetajwa kwa umbo la kitenzi-jina, ilhali “usafirishaji” na “usambazaji” zimetajwa kwa nomino za kawaida, jambo linaloonyesha kwamba mbili hizo ni pacha na zote zinategemea “kwa ajili ya”. Kampuni ikajibu kwamba kusafirisha na kusambaza ni kitu kimoja, na sheria haiwezi kuwa imerudia neno bure. Baada ya kupima yote, majaji walikiri kwamba sentensi haiamuliki. Kilichoamua ni kanuni ya jimbo kwamba sheria za ujira zikiwa na utata zifasiriwe kwa namna inayotimiza lengo lake, yaani kumlinda mfanyakazi. Mkato uliibua swali, na haki ya mfanyakazi ndiyo iliyolijibu.

Mtu atasema: sawa, lakini mkato ungekuwapo tangu mwanzo swali lisingezuka. Kwa sentensi hiyo moja, nakubali. Tazama lakini Bunge la Maine lilivyofanya baada ya kuumia. Liliiandika upya orodha kwa kuweka nuktamkato baada ya kila kazi, na likabadilisha neno la mwisho kutoka nomino ya kawaida kuwa kitenzi-jina kama yale yaliyotangulia. Waandishi wa sheria waliokuwa wamechomwa na kukosekana kwa mkato hawakurudi na mkato. Waliibadilisha sentensi yenyewe. Naona huo ndio ushahidi mzito zaidi katika mjadala wote huu, na sijui kwa nini hautajwi mara nyingi kama zile dola milioni 5.

Kanada ina kesi yake, na hapo mkato ulikuwapo, si kwamba ulikosekana. Kampuni ya mawasiliano ya Rogers iliingia mkataba na Aliant wa kutumia nguzo zake katika majimbo ya mashariki. Kifungu kimoja kilisema mkataba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo kwa vipindi vingine vya miaka mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Kulikuwa na mkato kabla ya “isipokuwa”. Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilisema mkato huo unafanya haki ya kuvunja mkataba ihusu hata ile miaka mitano ya kwanza, na Rogers ikakabiliwa na gharama zilizotajwa kuwa kama dola milioni 2 za Kanada. Mwaka 2007 tume hiyohiyo iligeuka. Mkataba wa aina hiyo ulikuwa na matini rasmi ya Kifaransa, na Kifaransa hakikuwa na utata: kuvunja kuliruhusiwa katika vipindi vya baadaye tu. Jambo ambalo mkato wa Kiingereza ulilivuruga, sintaksia ya lugha nyingine ililinyoosha.

Kisha kuna kesi ambayo haikuhusu fedha. Roger Casement ni jina linalopaswa kujulikana Kongo na kote wanakokumbuka utawala wa Mfalme Leopold, kwa sababu ripoti yake ya 1904, akiwa konsuli wa Uingereza, ndiyo iliyoifichulia dunia ukatili wa biashara ya mpira. Miaka 12 baadaye alikuwa kizimbani London. Alikuwa amekwenda Ujerumani wakati wa vita kuwashawishi mateka wa Kiayalandi wapiganie uhuru wa nchi yao, akakamatwa pwani ya Ayalandi Aprili 1916, akashtakiwa kwa Sheria ya Uhaini ya 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani. Sheria ilimtia hatiani mtu anayeambatana na maadui wa mfalme katika himaya yake, akiwapa msaada katika himaya au kwingineko. Je, “au kwingineko” inahusu mahali msaada unapotolewa tu, au inahusu pia mahali mtu anapoambatana na adui? Casement aliambatana nao akiwa Ujerumani. Majaji wawili wa rufaa walikwenda kukagua ngozi za kale zilizoandikwa sheria hiyo, wakitafuta alama za kutenga maneno. Uamuzi, hata hivyo, uliegemea fasiri ya wanasheria wa zamani kama Edward Coke, na Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Watu walisema amenyongwa kwa mkato. Nadhani usemi huo unawapunguzia majaji mzigo wao: mkato wa karne ya 14, kama upo, haukulazimisha lolote, na waliochagua fasiri ya kifo walikuwa watu.

Sheria ya Uingereza yenyewe, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mengi kwake, kwa muda mrefu haikuziamini alama hizi. Mwaka 1960, katika shauri la Hinchy, Jaji Lord Reid alikumbusha kwamba walau kabla ya 1850 nakala za mkono za sheria za Bunge hazikuwa na uakifishaji, na hivyo alama zilizomo katika matoleo yaliyochapwa hazina mamlaka ya Bunge. Miongo miwili baadaye, katika shauri la Hanlon, Jaji Lord Lowry aliona ni upuuzi kujifanya alama hazipo ilhali kila msomaji anazitumia. Nakubaliana na Lowry kwamba alama zisomwe, na nakubaliana na Reid kwamba zisitawale.

Hoja nyingine ya watetezi ni kwamba mkato wa Oxford daima huleta uwazi, kwa hiyo kanuni moja ya kuuweka ingemaliza ubishi. Hilo linaweza kupimwa hata kwa Kiswahili, kwa kuwa orodha zetu zinapangwa kwa namna ileile. Mtu akiandika “aliwashukuru wazazi wake, daktari na mwalimu”, hatujui kama daktari na mwalimu ndio wazazi wenyewe. Weka mkato kabla ya “na”, tunapata watu wanne, na hapo watetezi wanapiga makofi. Sasa chukua “waliohudhuria ni kaka yake, mkuu wa shule na mchungaji”. Wengi watahesabu watu watatu. Weka mkato kabla ya “na”: “kaka yake, mkuu wa shule, na mchungaji”. Ghafla inawezekana kwamba kaka ndiye mkuu wa shule, na watu ni wawili. Alama ileile iliyoleta mwanga katika sentensi ya kwanza imeleta giza katika ya pili. Kinachosaidia katika zote mbili ni kupanga upya: “aliwashukuru daktari, mwalimu na wazazi wake”; “waliohudhuria ni mchungaji, mkuu wa shule na kaka yake”. Hapo mkato uwepo usiwepo, hakuna anayepotea.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la walimu. Mwalimu wa Kiingereza mwenye darasa la wanafunzi sitini na marundo ya insha hawezi kuwaambia watoto kwamba kila ofisi ina kanuni yake. Anahitaji kitu cha kusahihishia kwa kalamu nyekundu. Namwelewa. Lakini yapo mengi ya kusahihisha ambayo Kiingereza cha London, Lagos, Chicago na Sydney hakigombani juu yake. Mkato unaozunguka kishazi rejeshi ni mojawapo, nao tunaujua vizuri hata katika lugha yetu. Tangazo likisema “walimu waliogoma hawatalipwa”, wasiogoma wana amani. Likisema “walimu, waliogoma, hawatalipwa”, wote wamegoma na hakuna anayelipwa. Hapo mkato una kazi, na mwanafunzi asiyeijua kazi hiyo amekosa jambo la maana. Mkato wa Oxford, kinyume chake, ni wa hiari katika sentensi nyingi kabisa, na kinachotakiwa kwa mwanafunzi ni aamue na asibadilike katikati ya ukurasa. Kumkata alama mtoto wa Kakamega au Mbeya kwa sababu mkato wake unaitwa wa Kimarekani ni kumwadhibu kwa jambo ambalo wahariri wa Oxford wangempongeza.

Hapa pana mjadala mkubwa zaidi, wa nani ana haki ya kuweka kanuni za Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Randolph Quirk wa Uingereza na Braj Kachru, mwanaisimu aliyezaliwa Kashmir na kufundisha Illinois, walijibizana katika jarida la English Today. Quirk alihofia kwamba kuzisifu aina za Kiingereza za nchi zilizotawaliwa kungewanyima wanafunzi wake kiwango kinachotambulika duniani. Kachru alijibu kwamba Kiingereza kilishapata wenyewe wapya, na kanuni zake zinazaliwa pia Delhi na Nairobi. Miaka hiyohiyo mwanaisimu Josef Schmied alikuwa akiongoza ukusanyaji wa matini za Kiingereza cha Kenya na Tanzania kwa ajili ya mkusanyo wa kimataifa wa Kiingereza, ili watafiti waone kinavyotumika badala ya kukisia. Mimi niko karibu na Kachru kuhusu msamiati na matamshi. Kuhusu mikato, hata hofu ya Quirk haina mahali pa kusimama, kwa kuwa kiwango kimoja cha kimataifa anachotaka kukilinda hakipo. Karani wa Arusha anasoma BBC, anasoma ripoti za Benki ya Dunia, anaandika katika programu ya Word ambayo ina mpangilio wa kuchagua kama mkato wa Oxford udaiwe au la. Akichanganya, hajaharibu Kiingereza cha mtu. Anachohitaji ni ofisi yake imwambie inataka upi, kama ofisi za London na New York zinavyowaambia watu wao.

Suala hili litazidi kutugusa kadiri sheria zetu zinavyohamia Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yanayofanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema matini zake za lugha tofauti zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda, maana yake utata wa Kiingereza utatawala hata pale Kiswahili kimeeleweka. Anayetafsiri sheria za Kiingereza anaweza kuhamisha mikato yake kama ilivyo, pamoja na matatizo yake. Anaweza pia kutumia nyenzo ambazo Kiingereza hakina. Mkataba wa ghala ukisema “mchele na maharage yaliyooza”, upatanisho umeshaamua: kilichooza ni maharage, mchele ni mzima, na hakuna wakili atakayepata kesi hapo. Ukisema “mahindi na maharage yaliyooza”, upatanisho ni mmoja kwa yote mawili na utata umerudi, basi mwandishi ageuze mpangilio: “maharage yaliyooza na mahindi”. Kwa orodha za kazi, kama ile ya Maine, kila kazi ipewe mstari wake na herufi yake, kila moja ikianza na kitenzi chenye “ku-”, na kusambaza kuandikwe peke yake kama kweli kumekusudiwa. Dereva wa lori la maziwa wa Tanga akikisoma kifungu hicho atajua mwenyewe kama ovataimu yake imo.